Kidude cha Nairobi kwenye Geti la Kampala

Usicheke, maana mimi mwenyewe sijaanza kucheka, kila nikipita kwenye lile geti damu inanichemka, na mbaya zaidi aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu, hakuna wa kumsingizia (ingawa nitajaribu).

Mimi hufuata vipuri Nairobi kwa gari langu, na kwenye kioo nimebandika kile kidude cha kulipia barabara nilichonunua huko, ukikaribia geti mtambo unakisoma, geti linainuka lenyewe, unapita kama waziri. Siku ya kumsindikiza Mama kwenda Hija tulitoka nyumbani Kisugu, hapa Kampala, magari sita, mimi mbele, Mama kando yangu. Ndugu zangu wote walikuwa wameshamwomba radhi nyumbani, kama ilivyo desturi. Mimi nikasema yangu nitaomba uwanja wa ndege, mbele za watu, na picha zipigwe (ndiyo, kiburi hicho nilikuwa nacho).

Tulipokaribia geti la barabara ya kulipia, shemeji yangu Okello, polisi mstaafu, akanipigia simu.

"Shemeji, pita huku kwa kulipa mkononi."

"Hizo mambo za zamani, shemeji. Nyinyi nifuateni tu!"

Wakanifuata wote isipokuwa yeye. Nikaingia njia ya mtambo, geti kimya. Nikarudi nyuma kidogo, nikasogea tena, kimya. Nikakibandua kidude, nikashuka na kanzu yangu nyeupe, nikakiinua juu ya kichwa mbele ya mtambo, nakigeuza huku, nakigeuza kule, honi zinalia nyuma yangu na watu wameshatoa simu wananirekodi. Mlinzi akaja, akaniita bwana kwa Kiganda.

"Ssebo, hii kitu ni ya Kenya. Hapa haifanyi kazi. Rudisha gari nyuma."

"Nyuma wapi, mjinga wewe? Huoni magari? Si mnatuambia Afrika Mashariki ni moja?"

"Hiyo ambia wakubwa. Mimi niko na geti tu."

Hapo nikapandwa na hasira kabisa, nikapiga boneti ngumi, nikapayuka kwamba wakubwa wanakutana mahotelini kila siku, wanakula, wanapigana picha, na bado mtambo wa huku haujapata hata kusalimiana na mtambo wa kule! (Na hilo silifuti, ni kweli.) Nilipogeuka, kiti cha Mama kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshavuka hadi kwenye gari la Okello, limepita geti, na mkono wake nikauona dirishani unapunga.

Hadi magari yote yarudi nyuma, moja moja, kwa matusi, tukapitie njia ya kulipa mkononi, tukafika uwanjani Mama ameshaingia ndani. Nikasimama nje na kanzu yangu na radhi yangu mdomoni. Simu ikalia.

"Mama, niwie radhi."

"Umemwita mtoto wa watu mjinga, na kosa si lake. Kamwombe yeye kwanza, ndipo yangu itakufikia."

Nikarudi getini nimefura, nikaegesha, nikamwendea. Akanitazama kanzu, akanitazama mikono.

"Ssebo, sasa uko na pesa?"

"Ninazo. Lakini nimekuja kukuomba msamaha."

Akacheka hadi akashika mlingoti wa geti. Nami, wallahi, nilitamani ardhi inimeze.

Kile kidude kimo kabatini hadi mitambo ijuane. Na radhi ya mzazi siku hizi naiomba sebuleni, kabla gari halijawashwa.