Gauni la Sauti ya Pili

Nilikwenda Kasulu kulala. Nilikuwa na likizo ya siku kumi, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, msuka vikapu, nikamwambia waziwazi: mama, mimi sitaki ratiba, nataka baridi, ndizi na usingizi. Akacheka sana. Lo, usingizi Kasulu! Mji ule kila kilima kina kanisa, kila kanisa lina kwaya zake, na zote hufanya mazoezi jioni ileile, kila moja na ngoma yake. Wasipoimba wanasali, wasiposali wanasuka, na katikati ya yote hayo wanasalimiana. Salamu za Waha, wenyeji wa pale, si za kupita njia. Unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizia watoto, mihogo, mvua. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nainama hata mbele ya mbuzi.

Jioni nilimsindikiza mama mazoezini, nikakaa benchi la nyuma na karanga zangu. Yeye aliimba sauti ya pili, na kulia kwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo hakuna aliyethubutu kuiziba. Ilikuwa ya mdogo wake wa kike. Walivuka mpaka pamoja wakiwa watoto, wakitoka Burundi, wakakulia huku. Mwaka jana yule mdogo alirudi kuangalia shamba la baba yao, akaahidi kwamba hatakawia.

"Tunakwenda kuimba Kibondo," mwalimu wa kwaya alisema jioni ile. "Hatuwezi kwenda na pengo. Asipokuja Jumapili, tunaziba."

"Atakuja," mama akajibu, macho chini. Nilimchukia yule mwalimu, karanga zikanishinda.

Ijumaa nikashuka sokoni, maana nguo zangu zote zilikuwa zimeliwa na tope jekundu. Fundi mmoja, Mkongomani mcheshi, alikuwa ametundika gauni la kitenge cha bluu chenye ndege wa njano.

"Mama, hii robe iko inakuita!"

Nikalijaribu. Jamani, lilinikaa kama nimepimwa mimi.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe hayuko. Niliambiwa niuze."

Sikuuliza zaidi. Mimi nikipenda nguo, akili inakwenda likizo.

Jumapili mama aliondoka alfajiri kuwahi maombi ya kwaya, mimi bado nakoroma. Nikaamka, nikajipodoa, nikachelewa kama kawaida yangu, nikaingia kanisani kwa madaha. Mungu wangu! Mbele pale wanawake wote wa kwaya walikuwa bluu tupu, ndege wa njano hadi mabegani. Ilikuwa sare. Mzee wa mlangoni hakuuliza lolote, akanishika mkono, akanipeleka moja kwa moja mbele, akanisimamisha penye lile pengo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Mama alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo. Akaliona gauni kabla ya kuniona mimi. Uso wake wote ukachanua, mdomo ukafunguka kutaja jina, kisha macho yakapanda yakafika kwenye sura yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, nisamehe, sikujua," nikanong'ona. "Ngoja nitoke nikalivue."

Akanishika ukosi, akaunyoosha kwa vile vidole vyake vigumu vya kusukia.

"Hujakosea kitu. Mimi ndiye niliyemwambia fundi aliuze. Mdogo wangu alinipigia simu mwezi uliopita. Ameolewa kule, harudi. Hawa nilishindwa kuwaambia." Akaunyoosha ukosi tena. "Sikufikiri tu kwamba likiuzwa, kuna mtu atalivaa."

Kinanda kikaanza. Sikuwa najua hata ubeti mmoja. Akanisogezea kitabu, upande mmoja ameshika yeye, upande mwingine mimi, na kila nilipopotea kwenye sauti ya kwanza alinikanyaga mguu, bila kunitazama, kama mtu aliyezoea kumkanyaga mwenzake palepale miaka yote.