Ua Jekundu la Jumatatu

Mdogo wangu, tunayemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yetu, aliteremsha printa kwenye gari lake akaiweka juu ya meza yangu ya kazi. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuitafutia mkwaruzo. Wapi! Nyeupe, kubwa kuliko yangu, na kifuniko bado kina nailoni ya dukani. Roho iliniuma, sisemi uongo. Mimi ndiye ninayekula kwa printa. Chumba changu cha mbele ndiyo ofisi yangu, nachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya walimu wa tuisheni na matangazo ya vyumba vya kupanga, na mashine yangu imefungwa gundi ya karatasi ubavuni. Yeye kainunua iwe pambo la sebule.

"Dada, nisaidie," akasema. "Baba anatoka kijani."

Akanionyesha. Picha ya marehemu baba yetu, ile ya suti, imetoka kijani kama mtu aliyelishwa sumu, na mistari myeupe imempita usoni tangu paji mpaka kidevu. Nilitaka kucheka, nikakumbuka ni baba yangu.

"Chumba cha Mama kimeshapakwa rangi," akaendelea. "Imebaki picha tu. Si unajua alivyosema?"

Najua sana. Mama anakaa nyumba ya nyuma yangu, katikati yetu ni kamba ya kuanikia nguo tu. Kitinda alipoanza kumshawishi ahamie kwake, ng'ambo ya mji, Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Tundikeni kwanza picha ya baba yenu, isiwe ya kubabaisha, ndipo nitaamua." Basi nilikuwa nategemea hilo neno la kubabaisha.

Maana, jamani, huyu mtoto kapata nini asichopata? Alinyonya mpaka anakimbia. Magauni mapya yake, viraka vyangu. Akapata mume mpole, akapata nyumba yenye vigae mpaka bafuni. Mimi nikabaki na Mama, na sasa na Mama naye anamtaka! Tena Mama akienda kwa Kitinda anakwenda kukaa, anakula, anavua viatu. Kwangu anakuja kunimalizia wino.

Hilo la wino lazima nilieleze. Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mtu wa mikono, hana habari na makaratasi. Lakini kila Jumatatu asubuhi, mimi nina wateja, yeye huyoo, na mkoba wake. Anatoa ua jekundu alilolikata kwenye kalenda ya zamani. "Nitolee moja, mwanangu. La rangi." La nini? Hasemi. Anachukua karatasi yake, anaipuliza, anaikunja, anaondoka. Nikinung'unika kwamba wino wa rangi ni ghali, anasema, "Haya, basi litoe dogo." Wateja wakiniuliza, nawajibu mama yangu ana maua yake, tumwache.

Nikamwambia Kitinda aiache printa, arudi kesho. Alipoondoka nikatoa karatasi ya majaribio. Bluu nzima, njano nzima, nyeusi nzima. Nyekundu haipo kabisa, kama haijawahi kuwekwa. Wino upo tele kwenye tangi. Basi tatizo ni kichwa, kile kidude kinachokimbia huku na huku kikinyunyiza rangi kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Wino ukilala muda mrefu unaganda humo. Nilipokifungua nikakuta na alama ya pini pembeni, mtu kajaribu kukizibua. Shemeji! Mpole ndiyo, lakini mkono wake ni wa kuchimba visima. Bahati yake hakufika kwenye vitundu.

Sasa hapo nikakaa kwenye kiti nikaiangalia ile mashine, na ibilisi akavuta kiti chake. Nikimwambia Kitinda imekufa, nani atabisha? Pini ipo, ushahidi upo. Mama atabaki kwangu na kamba yetu ya nguo. Nikaanza hata kuyapanga maneno: "Pole mdogo wangu, mumeo ameshaiua." Yakanoga mdomoni. Lakini ile picha ilikuwa mezani, na kila nikigeuka Baba ananitazama na uso wake wa kijani. Ningemwachaje vile? Nikasonya, nikainuka.

Kubonyeza tu kitufe cha kusafisha sikuona maana. Kila ukibonyeza mashine inakunywa wino, na vilivyoganda vinabaki vimeganda. Nikakunja karatasi laini, nikailowesha maji ya dukani yasiyo na chumvi, ya uvuguvugu, nikailaza chini ya kichwa, nikakirudisha kipumzike juu yake. Nikaendelea na mitihani ya watu. Baadaye nikaivuta ile karatasi, na katikati yake pana doa la waridi, limeanza kuachia. Nikabadilisha, nikasubiri, nikabadilisha tena. Hasira zangu zote ziliishia kwenye kusubiri.

Kesho yake Kitinda alikuja na Mama. Nikaweka karatasi ya picha mbele yao, nikabonyeza. Paji likatoka, macho yakatoka, tai nyekundu ikatoka nyekundu. Mama akaishika kwa ncha za vidole.

"Huyu ndiye," akasema. Kisha akaniuliza, "Ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Kutotumika," nikajibu, na nikahakikisha Kitinda anasikia. "Imewekwa tu. Wino umegandia kwenye kichwa."

Nilidhani atajitetea. Akainamisha uso. "Nani wa kuitumia, Dada? Watoto wangu wapo bweni. Baba yao leo yupo, kesho yuko safari. Nikirudi kazini nyumba nzima nasikia friji tu."

Mama akaufungua mkoba wake.

"Basi nitakwenda," akasema.

"Mama!" Niling'aka mpaka mteja mlangoni akarudi nyuma. "Mimi ndiye niliyekaa na wewe! Mimi ndiye ninayekutolea maua yako kila Jumatatu! Leo umemwona analia kidogo tu, unabeba mkoba?"

Hakukasirika. "Mashine yako imewahi kuziba?"

"Haijawahi hata siku moja."

"Unadhani kwa nini?"

Nikageuka nikaitazama mashine yangu na gundi yake.

"Siku ulipoinunua," Mama akasema, "ulinieleza fundi kakwambia rangi ikikaa bila kazi inaganda. Mimi nikajua, hii ni kama cherehani yangu, nilikuwa naikanyaga hata siku isiyo na nguo. Wateja wako wanataka maandishi meusi. Nyekundu ungeikumbuka saa ngapi? Na wewe ukiwa na kazi huli, huinui kichwa. Nikaona nije na ua. Mashine ifanye kazi na mimi nikuone umeamkaje."

Akatoa kile kipande cha kalenda, kimechakaa kwenye mikunjo, akakilaza juu ya printa yangu. "Hili nakuachia wewe. Mimi nakala ninazo nyingi. Ya mwenzako ndiyo iliyokauka, mwanangu. Niende."

Kitinda akanikumbatia. Nikamkumbatia, na hapo katikati ya kumkumbatia wivu ulinishika kuliko wakati wowote. Nilikuwa nimefaidi miaka yote, sikujua, na sasa nilipojua, anachukua yeye.

Jumatatu ilipofika nilikuwa na foleni ya walimu. Mlango ukifunguka nageuka, nakuta mtu mwingine. Simu ikalia.

"Umechapa?" Mama akauliza.

"Nimechapa," nikadanganya.

"Na chai umekunywa?"

Nikasema nimekunywa. Nyuma ya sauti yake nikasikia mashine inakwaruza huku na huku, taratibu, muda mrefu, na Kitinda anacheka. Mlio ule naujua. Lilikuwa ua linatoka, tena kubwa, karatasi nzima.