Santosh Hana Haja ya Jina Jengine

Msikitini kwetu Ghubra, huku Omani, kuna desturi inayonikera, na Mungu anisamehe kwa kukereka. Mtu akisilimu, kabla hata hajafundishwa kutawadha vizuri, watu wanaanza kumtafutia jina.

Juzi alisilimu fundi wa viyoyozi, Mhindi wa Kerala, anayetutengenezea viyoyozi vya msikiti tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Muda wote huo tulimwita Rafiki. Hapa kila fundi wa Kihindi huitwa Rafiki, na hilo nalo nnalionea haya: unamwita mtu rafiki kwa sababu hujawahi kumuuliza jina lake.

Alitamka shahada baada ya Alasiri. Halua ikaletwa, kahawa ikamiminwa, na jirani yangu, ambaye ukoo wake ulitoka Unguja pamoja na wetu, akasema, "Tumpe jina la marehemu baba. Lipate kuendelea."

"Baba yako ana wajukuu chungu nzima wenye jina hilo," akajibu mwengine. "Bora la babu yangu. Alikuwa hafidh, Msahafu wote kifuani."

Wakashindana hivyo, kila mmoja na marehemu wake, na anayepewa jina amekaa katikati anatafuna halua. Nikamgeukia, nikamuuliza kwa Kiarabu anaitwa nani.

"Santosh."

"Maana yake?"

Akasema ni neno la Kisanskriti, lugha yao ya kale: kuridhika na ulichojaaliwa. Kwao ni miongoni mwa adabu ambazo mtu huizoeza nafsi yake, kama sisi tunavyofundishwa qanaa tangu chuo cha Kurani. Wazazi wake walipoteza watoto kabla yake. Yeye alipozaliwa, mdogo na dhaifu, baba yake alisema wameridhika, akampa jina hilo. Mzee huyo sasa haoni. Alipoambiwa kuwa mwanawe anataka kusilimu hakugomba. Aliuliza jambo moja tu kwenye simu: jina alilompa litatupwa?

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitawauliza watu wa msikiti."

Hapo nikashindwa kujizuia. Watu wa msikiti ndio hawa, wanagombania sahani na majina.

"Jina hubadilishwa likiwa na maana mbaya," nikamwambia jirani yangu, "au likimfanya mtu mja wa asiyekuwa Mungu. Masahaba wangapi walibaki na majina waliyopewa na wazazi wao kabla ya Uislamu, wakafa nayo? Wewe hili la kubadili kila jina umelisoma wapi?"

"Lakini Maalim, ni jina la Kihindi."

"Na biriani unayokula kila Ijumaa? Ulishaisilimisha?"

Wenziwe wakacheka. Yeye hakucheka. "Watu watasemaje?"

"Waseme. Umeshajiuliza baba yake atasemaje? Mtoto wako angekwenda nchi ya watu, wakamvua jina ulilompa mbele ya kahawa, ungeshukuru?"

Nikamgeukia fundi, nikamwambia kwamba jina lake ni zuri, dini haimtaki aliache, na kama analipenda ni lake. Akatoa simu, akampigia baba yake pale pale. Kimalayalam, lugha ya kwao Kerala, hatukijui. Tulisikia tu sauti ya mzee ikirudia, Santosh, Santosh, na mwanawe akiitikia kila mara.

Jirani yangu aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema kwa Kiarabu, taratibu, "Santosh, mpe baba yako salamu zetu."