Walivyotaka Kunibadilisha na Peugeot

Mimi Drocella, bibi ya Callixte wa Kirolirwe, sikuolewa kwa ng'ombe kama dada zangu. Niliolewa kwa motokari. Ugonjwa ulikuwa umemaliza ng'ombe za Callixte, akabaki na Peugeot ya bluu ya marehemu baba yake, na baba yangu akaitamani. Wazee wakasema inalingana na ng'ombe nane. Callixte alilia akitoa ufunguo. Watu walidhani analia kwa furaha ya kunipata.

Tangu hapo bei yangu ikawa bei ya motokari. Baba alipokuwa anaenda nayo misa, mama mukwe alinipa maziwa ya kwanza ya ng'ombe tuliopata baadaye. Halafu barabara ya Masisi ikaivunja mgongo. Baba akafa, kaka yangu Evode akairithi, na watu wa rika lake walitaka jeep tu, kitu cha kupasua matope. Akafugia kuku ndani. Shemeji yangu Valens akaanza kuniita Mama Kuku, na maziwa yangu yakapungua. Iliniuma sana. Nililima, nikazaa, nikatengeneza fromaji, jibini yetu inayoliwa mpaka Goma, lakini kuku akitaga kwenye kiti cha nyuma, mimi ndiyo nashuka bei.

Mwaka huu akaja Fiston, kijana wa Goma. Vijana wa leo wanapenda vitu vya babu zao kuliko babu wenyewe. Akapiga picha kila kutu, akamwomba Evode amuuzie ili maharusi waipande. Bei aliyotaja ilimkalisha Valens chini. Kesho yake Valens akaitisha ukoo.

"Kaka," akamwambia Callixte, "ile motokari iko yetu. Desturi unaijua. Ukirudisha bibi kwao, mali inarudi."

"Nimurudishe juu ya kosa gani?"

"Goti yake inauma. Tulimuchukua muzima."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akauliza kama kuku nao wamo.

Mimi mwenye wajukuu, nirudishwe kwa baba aliyekufa. Nilikuwa na hasira, lakini woga ulizidi, maana Callixte hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Kwanza niione."

Tukaenda wote kwa Evode, Fiston nyuma yetu na simu yake. Callixte akafungua mlango, akasukuma kuku pembeni, akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili. Klaksoni ilikufa zamani, basi akaipiga kwa mdomo. Akabadilisha gia. Akakata kona. Uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyekuja kunichumbia, nami nikajiambia, Drocella, umeachwa.

Alikaa humo mpaka Fiston akachoka kumfilimu. Halafu akatoka ameshika kiuno, yai limempasukia kwenye suruali.

"Papa Uwingabire," nikamwita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, "umeamua nini?"

"Twende nyumbani."

"Na motokari?" Valens akauliza.

"Evode auze, iko yake." Kisha akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Nilikuwa naendesha vizuri, Mama Uwingabire. Tumefika kwenye ile kona ya juu ya malisho, nikageuka nikuonyeshe ng'ombe. Kwenye kiti chako nikakuta kuku."

Machozi yalinitoka, na sikuyaficha. Tukateremka kilima polepole, kwa sababu ya goti langu. Valens alibaki nyuma, anapanguza kiti.