Waya wa Kwenda kwa Mama Mkwe

Baba yangu na mama yake mama waliishi kibanja kimoja cha migomba, pale kwetu Bugomora, miaka yote ya utoto wangu, na hawakuwahi kutazamana usoni. Usidhani walikuwa na ugomvi. Walikuwa wakiheshimiana, na heshima ya mkwe na mama mkwe kwetu ndiyo hiyo: hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na jina la mwenzako hulitaji hata ukikanyaga mwiba. Baba akishika njia ya kwenda kibanjani anakohoa, bibi akisikia anaingia migombani na kujifunika kanga usoni mpaka apite. Mimi ndiye niliyekuwa daraja lao. Nitatumwa kwa baba kusema chumvi ya bibi imekwisha, nitarudishwa kwa bibi kusema baba amesikia, na hapo alikuwa amesikia kweli, tangu mara ya kwanza, maana bibi hakuwa mtu wa kunong'ona. Nilichoka, nakwambia.

Bibi alikuwa wa ng'ambo ya mto, Rwanda. Alivuka Kagera zamani, wakati wa fujo, mama yangu akiwa mgongoni. Binti yake mkubwa alikuwa ameshaolewa, akabaki huko kwa mumewe. Kwa kuwa bibi hakuwa na mtoto wa kiume, baba alimjengea kibanda mwisho wa kibanja, na watu wakasema weee, wakachoka. Mvua ikishaosha vumbi, ukisimama mlangoni pake unaviona vilima vya kwao. Bibi alikuwa akivitazama kila asubuhi kabla hajanisalimia, na mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Tangu avuke hakuwa amepata neno lolote la binti yake. Hakujua kama ni mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini kahawa ilikubali, baba akanunua redio. Jumapili mchana redio ya ng'ambo ilikuwa na kipindi cha salamu kwa Kinyarwanda, watu wakiwasalimia ndugu zao kwa majina, na mama mmoja jirani yetu alikuwa ameshampata kaka yake kwa njia hiyo. Bibi akanituma niulize kama na yeye anaweza kusikiliza. Sasa atasikilizia wapi? Redio iko sebuleni, baba yuko sebuleni, na Jumapili wageni wake wako naye, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati. Tukajaribu kuipeleka redio kibandani, ikakoroma tu, kwa sababu ilikuwa inashika kwa waya uliopanda juu ya bati la nyumba kubwa. Huko bondeni haikuwa na la kusema.

Baada ya siku kadhaa baba akapanda gari kwenda Omurushaka. Alirudi na spika iliyotolewa kwenye redio iliyokufa, na mzingo wa waya. Fundi alikuwa amemweleza: waya mmoja unatoka kwenye redio mpaka kwenye spika, redio ikisema sebuleni, spika nayo inasema kibandani. Tena alimwambia achimbie nguzo. Baba alicheka njia nzima. Nguzo za nini, na migomba yote ile imesimama bure? Akaupitisha waya mgomba kwa mgomba, akiufunga kwa kamba za migomba hiyo hiyo, na spika akaitundika ndani wakati bibi yuko kanisani, wasije wakakutana.

Jumapili ile ya kwanza bibi alioga, akavaa kanga ya kanisani, akakaa mbele ya spika miguu ameinyoosha kama anapokea mgeni. Mtangazaji akisalimu, bibi anaitikia. Akitaja jina la mtu wa kwao, bibi ananieleza ukoo wake wote, na ng'ombe wao walikuwa wa rangi gani. La binti yake halikuja. Halikuja Jumapili ile wala zilizofuata, mvua za vuli zikapita, na za masika. Kipindi kikiisha alikuwa anaigusa ile spika kidogo na kusema labda kadi yake ya salamu imekaa chini ya nyingine. Nilikuwa naumia. Nilitamani kumpa huyo mama mkubwa ambaye sikuwahi kumwona.

Lakini mgomba ukishazaa unakatwa, hilo kwetu hata mtoto anajua. Kila akikata, baba alikuwa akiuhamishia waya kwenye mgomba mwingine. Jumapili moja wakaja ndugu zake kutoka Nyakasimbi bila taarifa, akakimbilia mkungu uliokomaa, akauangusha na shina lake, akawahi jikoni kwa mama. Waya alikuwa ameusahau.

Mchana bibi akaniambia spika imenyamaza, nikamwambie baba betri zimekwisha, azianike juani. Nilipoingia sebuleni redio ilikuwa inasema vizuri kabisa. Nikaanza kueleza, na hapo hapo mtangazaji akataja jina la bibi, jina lake kamili na la baba yake. Baba aliinua mkono, wageni wakanyamaza. Tulisikia mpaka mwisho. Nikageuka nikimbie kumwambia bibi, baba akanishika bega.

"Kaa," alisema. "Waya nimeukata mimi."

Nilitangulia kurudi kwa bibi, nikamwambia tu kwamba baba anakuja. Alishtuka, akajifunika. Tukamsikia akikohoa, mara moja, tena karibu, nyuma ya ukuta. Nilichungulia dirishani. Alikuwa ametupa mgongo, kofia mkononi, anaiangalia migomba.

Akaanza kusema, kwa Kinyarwanda chake cha kuokoteza. Alifuata maneno kama yalivyotoka, hata pale mtangazaji alipovuta pumzi. Alisema mama fulani, wa kilima fulani, anamsalimu mama yake aliyevuka mto. Akafika kwenye jina. Mkwe hataji jina la mama mkwe, hilo ndilo alilokulia. Kisha akalitaja, lote, kwa sauti ya kusikika.

"Mimi ni mzima, mama. Watoto ni wazima. Kibuyu chako cha kusukia maziwa bado ninacho."

Bibi alikuwa ameiteremsha kanga usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hayafuti.

"Rudia, mwanangu," alisema. Hakunituma mimi. Alimwambia mwenyewe.

Baba akarudia, na jina la bibi.

Salamu nyingine haikuja. Waya uliungwa, ukafungwa kwenye nguzo safari hii, ila miaka ya tisini vita vilipoanza huko bibi alikataa kabisa spika isisemeshwe mbele yake. Alitaka ile salamu moja tu. Jumapili baada ya kanisa baba alikuwa akipita nyuma ya kibanda, anakohoa, anatupa mgongo na kuisema yote, mpaka kwenye kibuyu, na alifanya hivyo mpaka Jumapili ya mwisho ya bibi.

Sasa hata baba hayupo. Nikienda nyumbani huwa nakaa pale palipokuwa kibanda, navitazama vilima, na ninatamani sana nisikie mtu akikohoa njiani.