Kisigino Changu na Goli la Wana Magunia

Chekeni nikimaliza, msinikatize njiani, maana nikikatizwa kwenye mkasa huu naona haya naishia kunyamaza, na wapo wengine hapa mjini wanaousimulia kwa niaba yangu na wanatia chumvi (kuna mmoja anaapa kwamba niliupiga ule mpira teke kwa makusudi). Sikuupiga. Hata kuuona sikuuona, na hiyo ndiyo aibu yenyewe.

Katikati ya miaka ya tisini mimi na mwenzangu Kulwa tulikuwa tunapiga video za harusi na ubatizo hapa Mwanza, tuna kamera moja ya kubeba begani, ile kubwa inayomeza kanda nzima, na kila Jumamosi ni keki, shampeni, mama wa bibi harusi analia, basi. Tukachoka. Habari za vituo vya televisheni vya watu binafsi kuanzishwa Dar zilikuwa zimetufikia, tukaona na sisi tutengeneze filamu yetu wenyewe, isiyo ya mtu aliyetukodi, tuionyeshe kwenye banda la video pale Mirongo na baadaye, Mungu akipenda, ifike mbali. Kulwa akasema tuwapige picha mashabiki wa Magunia.

Magunia ilikuwa timu ya kiwanda cha magunia. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, mwenye kukinunua akafunga milango, wafanyakazi wakapunguzwa, na timu ikabaki yatima, inasafiri kwa malori ya kuomba na kuvaa jezi zilizopauka hadi hujui rangi ya mwanzo ilikuwa ipi. Msimu ule ilikuwa inashuka daraja. Na bado watu walikuwa wanakwenda uwanjani kila mechi, wamevaa fulana za gunia walizojishonea wenyewe, wanawashwa na jasho kutwa nzima.

Wa kwanza wao alikuwa Mzee Mabula wa Mkuyuni. Alikuwa fundi wa mashine kiwandani tangu kijana, sasa anaziba pancha za baiskeli nje ya nyumba yake. Tulipomwendea na kamera, tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza tunataka kupiga picha ya nini.

"Ya machungu yenu, mzee," nikasema (ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu).

Akaliweka tairi chini. "Mwanangu, kiwanda kimekwenda. Wenzangu wamerudi vijijini. Siku ya mpira tunaonana wote, mmoja ametoka Magu, mwingine Misungwi, tunaulizana habari za watoto. Timu ikishuka, tutaonana wapi?"

Kulwa alikuwa ameshika kinasa sauti, akamsogelea zaidi. Tangu siku ile tulijua filamu yetu ni ya sura ya yule mzee.

Ikafika mechi ya mwisho. Magunia lazima washinde, sare haisaidii. Wageni walitoka Shinyanga, hawana cha kupoteza. Betri tulikuwa nayo moja tu nzima, kanda moja tu mpya, na nilikuwa nimevaa shati langu la maua ya njano ili askari wa mlangoni wanikumbuke nikitoka na kuingia. Wakanikumbuka kweli, wao na mji mzima.

Kulwa alikuwa ametuombea nafasi nzuri jukwaani. Ningekaa pale, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Mzee Mabula na wenzake walikuwa hawakai jukwaani, walikuwa wanakaa kwenye nyasi nyuma ya kamba, pembeni kidogo ya goli, na mimi nikaamua nishuke nikasimame mbele yao, mgongo uwanjani, nizipige picha sura zao. Kulwa akasema, "Fausti, mpira utakupiga kisogoni." Nikamwambia mpira kila mtu ameshauona, sura hajaziona mtu.

Kipindi cha pili Magunia wakawa wanashambulia goli lile lile la upande wetu. Nimesimama hatua chache tu kutoka mlingoti wa goli, jicho moja nimelifumba, jingine liko ndani ya kamera, na masikioni nimevaa vile visikilizio vikubwa nilivyoazima kwa rafiki, si kwa sababu nilivihitaji, ila vilinifanya nionekane mtu wa filamu. Mshika kibendera alinipungia mara moja nirudi nyuma ya mstari wa chaki. Nikarudi. Dakika zikawa zinayoyoma, sifuri kwa sifuri, na kwenye kioo kidogo cha kamera naona wazee wazima wanatafuna kucha, mmoja ameshika rozari, na Mzee Mabula katikati yao hapepesi macho. Nilikuwa na hofu juu ya timu, na hofu kubwa zaidi kwamba betri itakata kabla mambo hayajaisha.

Halafu wote wakainuka kwa pamoja. Mzee Mabula akafungua mikono, mdomo wazi, uso umewaka namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima, na mikono yake ikatoka nje ya picha. Nikataka mikono yote miwili. Nikarudi nyuma hatua moja. Bado. Nikarudi nyingine, na nyingine.

Wakaanza kunipungia. Nikafurahi! Nikasema moyoni, leo wamechangamka, wanaicheza kamera. Midomo yao ilikuwa inasema kitu, wote kitu kimoja, na kwa sababu ya vile visikilizio sikusikia ila mvumo, nikadhani wanamzomea kipa wa Shinyanga. Walikuwa wananiambia mimi: "Toka! Toka! Toka!"

Kitu kikanigonga kisiginoni. Kidogo tu, kama paka anapojisugua.

Nikageuka. Mpira uko pale miguuni kwangu, umetulia. Mimi niko ndani ya uwanja, mbele ya mlingoti, hatua moja kutoka mstari wa goli. Kipa wa Shinyanga amelala mbali huko, amepitwa, na mshambuliaji wetu, kijana aliyemzunguka kipa hadi karibu na mstari kisha akausukuma mpira taratibu kwenye goli lisilo na mtu, amepiga magoti anaishika ardhi. Beki mmoja wa Shinyanga akaja mbio akaubutua mpira juu kabisa, kisha (hili sitalisahau) akanipa mkono wa pongezi.

Refa akapuliza, akaja, akaniangalia kuanzia shati hadi viatu. Wachezaji wetu wakamzunguka, wanalia ni goli. Akasema mpira umegusa kitu cha nje, utadondoshwa. Kitu cha nje! Basi ukadondoshwa, Shinyanga wakaubutua tena, na haukupita muda akapuliza kipenga cha mwisho. Magunia wameshuka.

Jamani, ule ukimya. Nilitamani watukane. Walinitazama tu, uwanja mzima, na mimi bado nimebeba kamera begani na taa yake nyekundu inawaka, maana nilisahau kuizima. Kisha chupa ya kwanza ikaruka. Askari wawili wakanishika makwapa, Kulwa sijui yuko wapi, wakanitupa nyuma ya gari lao, na mle ndani nikamkuta refa amejikunyata sakafuni. Mawe yakaanza kugonga bodi. Akanisogezea nafasi.

"Mimi nimezoea," akasema. "Wewe ndio mara ya kwanza?"

Mtangazaji wa mechi alikuwa amenieleza redioni vizuri mno, mpiga picha mwenye shati la maua ya njano, na mama yangu, aliyekuwa anauza chai kivukoni Busisi, akatuma ujumbe kwa dereva wa lori: "Mwambieni Fausti lile shati alichome." Harusi ya Jumamosi iliyofuata ikafutwa. Yaani harusi ilifungwa, ila mimi ndiye niliyefutwa, bwana harusi akasema anaogopa nisije nikasimama kati yake na mchungaji. Nikajifungia ndani. Kila mlango ulipogongwa nilikuwa naingia uvunguni mwa kitanda.

Jioni moja ukagongwa, Kulwa akafungua, ni Mzee Mabula. Nilitafuta dirisha.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Sikuja kukupiga. Nimekuja kujiona."

Tukaweka kanda. Nilikuwa sijathubutu kuitazama. Uso wake ukajaa kwenye televisheni, ukawaka, mikono ikafunguka, na katika picha hakuna mpira, hakuna mimi, ni furaha yake peke yake. Kisha ile furaha ikaanza kumtoka polepole, kuanzia machoni. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu akaniambia nisimamishe pale mikono ilipofunguka, picha ikawa inatetemeka na mistari.

"Miaka yote sikujua kwamba nina sura hii," akasema. Akapangusa macho na fulana ya gunia. "Waonyeshe watu. Lakini na wewe uwepo, ukae mbele."

Nikaenda. Nilikaa benchi la mbele katika banda la video la Mirongo, Jumapili mchana, Mzee Mabula kulia kwangu, Kulwa kushoto, na nyuma yangu wana Magunia waliokuja kutoka Magu na Misungwi wamejaa hadi nje. Jasho lilinitoka utadhani nasubiri hukumu. Walijiona wakitafuna kucha, wakacheka, wakataniana. Mzee mmoja mwenye rozari akauliza kwa sauti kama kweli ana kipara kiasi kile, wakamjibu wote kwamba ndiyo. Kisha kwenye kioo wakainuka, wakaanza kupunga, ile midomo ikaanza. Nyuma yangu mtu mmoja akasimama akapiga kelele, "Toka!" Akafuata mwingine. Banda zima likasimama, wanakifokea kioo kana kwamba bado kuna nafasi, "Toka! Toka wewe!" na msinicheke, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama, ngumi juu, nalia machozi, napiga kelele kuliko wote.

Walipokuwa wanaondoka nilisikia mmoja anamwambia mwenzake, "Basi Jumapili ijayo hapa hapa." Sisi ndio tuliosahau kuwaambia kwamba tunaionyesha mara moja tu, kwa hiyo ikabidi tuionyeshe tena.

Harusi zilirudi, na picha napiga hadi leo. Lakini kabla sijarudi nyuma hata hatua moja, iwe kanisani, iwe ukumbini, hata nyumbani nikipanga kochi, nageuka kwanza kuangalia. Na visikilizio sitavaa tena mpaka nazikwa.