Mashine ya kukausha imetupikia mihogo

Jamani, leo nimepeleka mihogo ikakaushwe, nimerudishiwa imepikwa!

Siku zote mama anaanikaga juu ya mawe hapa Butiama. Lakini mvua haikatiki, na ile mihogo ndiyo unga wetu wa msimu mzima. Nikamshawishi tuipeleke Bunda, kwenye mashine kubwa ya kukaushia.

Mwendeshaji akapakia, akawasha moto, tukasubiri nje.

Alipofungua mlango, mvuke ukatupiga usoni. Mihogo laini, imeiva kabisa!

Nikazunguka nyuma. Tundu la kutolea hewa yenye unyevu kaliziba kwa gunia!

“Kaka, sasa maji ya mihogo yatokee wapi?”

“Nazuia joto lisipotee, dada. Kuni zinaishaga haraka.”

Yaani joto linayatoa maji kwenye mihogo, halafu yeye anayafungia humo humo ndani!

Bila aibu akamgeukia mama: “Si mle tu, mama? Imeiva vizuri.”

Mama yangu, mtu mpole sijapata kuona, akamwekea kipande mkononi.

“Anza wewe. Halafu uniambie mwezi ujao nitasaga nini.”

Waliokuwa kwenye foleni wakabeba mizigo yao, wakaondoka.

Sisi tumerudi na mihogo ya kula leo, unga hakuna.

Hivi ninyi mngemwacha hivi hivi?